Daftari Lisilosahihishwa: Afya ya Faili za Kumbukumbu za Msaidizi wa Programu kwa Mfano wa Kenyatta Market

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna ya kufuatilia afya ya faili za kumbukumbu ambazo wasaidizi wa akili unde huzisoma wanapoandika programu za tarakilishi. Hoja kuu ni kwamba faili hizo huharibika zaidi kwa sababu ya sentensi zisizo na wakati, mwenyewe wala sababu. Makala yanaonyesha kuwa uharibifu huo unaweza kuelezwa kwa zana ambazo mwanafunzi wa Kiswahili anazo tayari, yaani sarufi ya kitenzi, uhakiki wa matini na uandishi wa kumbukumbu za mkutano. Mfano unaotumiwa ni wa kubuni, nao umewekwa katika vibanda vya ususi vya Kenyatta Market jijini Nairobi.

1. Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hufasiriwa kwa kawaida kama himizo la kuweka hesabu: anayeandika huokoka, asiyeandika hupotelewa. Fasiri hiyo ni sahihi, lakini inaacha swali moja bila jibu. Je, hali huwaje pale ambapo daftari lipo, limeandikwa kwa mwandiko mzuri, linasomwa kila siku, ila yaliyomo yamepitwa na wakati?

Swali hili si geni kwa anayeijua Kenyatta Market. Soko hili liko karibu na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, upande wa barabara ya Mbagathi, likipakana na mitaa ya Golf Course na Ngumo, na Kibera haiko mbali. Wakazi wa Nairobi hulifahamu kwa mambo mawili hasa: nyama choma na ususi wa nywele. Mgeni anayeshuka garini hupokewa na wasusi wanaomwita kila mmoja upande wake, na hatua chache mbele moshi wa majiko ya nyama humkaribisha kwa namna nyingine. Katika biashara za aina hii kumbukumbu ni riziki. Muuzaji anayekopesha huandika jina la mdeni, tarehe na kiasi. Deni likilipwa, mstari hupigwa juu ya maandishi. Daftari la madeni lisilo na mistari iliyopigwa haliaminiki hata kidogo, kwa sababu maana yake ni mojawapo ya mambo mawili: ama hakuna aliyewahi kulipa, ama hakuna anayesahihisha.

Ni kanuni hiyo ya mstari uliopigwa ambayo makala haya yanaihamisha kutoka daftari la karatasi hadi faili ya tarakilishi.

2. Faili ya kumbukumbu na maana ya neno kumbukumbu

Katika miaka ya hivi karibuni, uandishi wa programu umebadilika kwa kasi. GitHub ilitoa Copilot kwa majaribio mwaka 2021, OpenAI ikatoa ChatGPT mwezi Novemba 2022, na mwaka 2025 Anthropic ikatoa Claude Code. Zana za namna hii hufanya kazi kwa modeli kubwa za lugha. Mwandishi wa programu hueleza kwa lugha ya kawaida anachokitaka, na msaidizi husoma msimbo uliopo, huubadilisha na kuujaribu.

Pamoja na uwezo huo, msaidizi ana upungufu wa kimsingi. Modeli haibaki na kumbukumbu ya mazungumzo yaliyopita. Kila kikao kipya huanza kama ukurasa mtupu, na aliyoelezwa jana hayajui leo isipokuwa yawe yameandikwa mahali atakapoyasoma. Kwa sababu hiyo watumiaji huweka ndani ya mradi faili ya maandishi ya kawaida ambayo msaidizi huisoma mwanzoni mwa kila kikao. Claude Code hutumia faili iitwayo CLAUDE.md, na zana nyingine kadhaa hutumia AGENTS.md. Ndani yake huandikwa taratibu za mradi, maamuzi yaliyofikiwa, amri za kuendeshea majaribio na mambo ya kuepuka. Zana nyingine humruhusu msaidizi mwenyewe kujiandikia maelezo anapoendelea na kazi.

Neno kumbukumbu linafaa kuangaliwa hapa. Linatokana na kitenzi kumbuka, nalo hubeba maana zaidi ya moja. Kwanza ni yale yaliyomo akilini mwa mtu. Pili ni maandishi rasmi, kama tunaposema kumbukumbu za mkutano. Tatu, katika istilahi za tarakilishi, ni sehemu ya kuhifadhia data. Maana ya kwanza na ya pili zinatofautiana kwa jambo moja kubwa. Kumbukumbu ya akilini hufifia yenyewe isipotumika, ilhali kumbukumbu ya maandishi haifififi. Mstari ulioandikwa miezi tisa iliyopita unasomeka kwa uwazi uleule wa mstari ulioandikwa asubuhi ya leo. Faili ya msaidizi huitwa kumbukumbu kana kwamba ni ya akilini, lakini huchakaa kama maandishi: kimya kimya, bila dalili yoyote usoni.

3. Mfano wa kibanda cha ususi

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana mmoja, mwandishi wa programu, anaundia kibanda cha ususi cha Kenyatta Market programu ndogo ya simu. Programu hiyo inapokea miadi ya wateja, inarekodi malipo ya M-Pesa, na jioni inagawa fedha baina ya mwenye kibanda na wasusi kwa nusu kwa nusu. Kijana anasaidiwa na msaidizi wa akili unde, naye ameweka faili ya kumbukumbu ndani ya mradi wake.

Mwezi Januari, makubaliano kibandani ni kwamba mwenye kibanda ndiye anayenunua nywele za bandia. Gharama yake inatolewa kwanza kabla ya mgao. Kijana anaandika katika faili: "Mgao wa msusi huhesabiwa baada ya gharama ya nywele kuondolewa." Mwezi Juni makubaliano yanabadilika. Wateja sasa wanalipia nywele kando, hivyo hakuna cha kuondoa. Kijana anarekebisha msimbo kwa mkono wake siku hiyohiyo, programu inafanya kazi vizuri, na kila mtu anaridhika. Faili ya kumbukumbu haiguswi.

Mwezi Septemba kijana anamwomba msaidizi atengeneze ripoti mpya ya mapato ya wiki. Msaidizi anasoma faili, kisha anasoma msimbo, na kugundua kuwa havipatani. Faili inasema gharama ya nywele huondolewa, ilhali msimbo hauiondoi. Kwa kuwa faili imewekwa kama mwongozo wa mradi, msaidizi anahitimisha kuwa msimbo ndio wenye kosa. Anaurejesha makato, anaeleza kwa sentensi moja kuwa amesahihisha hesabu ya mgao kulingana na mwongozo, na kijana aliyekuwa akingojea ripoti anaipitia sentensi hiyo kwa haraka.

Programu haikwami. Hakuna ujumbe wa hitilafu unaotokea. Jumla ya fedha za siku inalingana na jumla ya malipo yaliyoingia. Lakini tufanye hesabu. Kichwa kimoja kikisukwa kwa shilingi 2,000, msusi alistahili 1,000. Programu inapoondoa kwanza shilingi 600 za nywele, anabaki na 700. Kwa vichwa vitatu kwa siku anapungukiwa shilingi 900, na kwa siku sita za kazi, 5,400. Kwa mtu anayetegemea malipo ya jioni, hiyo ni kodi ya nyumba au karo.

Kinachofichua kosa katika mfano huu ni daftari dogo la karatasi. Mmoja wa wasusi huandika kila jioni tarehe, idadi ya vichwa na fedha alizopokea. Wiki ya pili anaona kuwa vichwa ni vilevile na fedha zimepungua. Anapomwonyesha mwenye kibanda, kila upande una ushahidi wake: mmoja ana simu, mwingine ana daftari. Daftari ndilo linaloshinda, kwa sababu kila mstari wake unaweza kuhojiwa na kujibu. Ni lini? Ni nani? Ni ngapi? Mstari wa faili hauwezi kujibu hata swali moja kati ya hayo.

Msomaji makini ataona jambo la kusikitisha katika mfano huu. Kama faili ya kumbukumbu isingekuwapo kabisa, msaidizi angeuacha msimbo ulivyokuwa, na wasusi wangelipwa haki yao. Kusahau kungekuwa na nafuu kuliko kukumbuka vibaya.

4. Sarufi ya mstari mgonjwa

Tuirejelee sentensi iliyoleta madhara: "Mgao wa msusi huhesabiwa baada ya gharama ya nywele kuondolewa." Kwa mtazamo wa sarufi sentensi hii haina kosa. Ugonjwa wake umo katika viambishi.

Kiambishi cha kwanza ni hu-. Wanasarufi tangu Ashton (1944) wamekieleza kuwa ni kiambishi cha mazoea, nacho kina sifa mbili za pekee. Hakichukui kiambishi cha nafsi, wala hakikifungi kitendo kwenye wakati maalumu. Husema, huhesabu, hulipa: kitendo kinaelea juu ya kalenda. Ndiyo maana methali hukipenda sana. Mali bila daftari hupotea bila habari: jana, leo na kesho, Lamu na Nairobi, kwa tajiri na kwa maskini. Methali inahitaji hu- kwa sababu inadai ukweli usiokoma.

Kiambishi cha pili ni -w- cha kauli ya kutendwa. Katika "huhesabiwa" na "kuondolewa" mtendaji ametoweka. Nani aliamua kuwa gharama iondolewe? Sentensi haisemi. Pale ambapo hu- imeondoa wakati, -w- imeondoa mwenyewe. Na kwa kuwa hakuna kishazi cha sababu, kilichobaki ni amri isiyo na chimbuko.

Hapa ndipo kiini cha hoja ya makala haya kilipo. Makubaliano ya Januari ya watu wachache kibandani yalivikwa mavazi ya methali. Msaidizi aliyasoma kama ukweli wa nyakati zote kwa sababu ndivyo yalivyoandikwa. Hakuwa na namna ya kushuku kuwa sentensi ile ilikuwa na tarehe ya kuzaliwa, sembuse tarehe ya kufa.

Tuilinganishe na sentensi hii: "Kuanzia Januari 2025, mwenye kibanda na wasusi walikubaliana kuwa gharama ya nywele itatolewa kabla ya mgao, kwa sababu kibanda ndicho kinachonunua nywele." Sentensi ni ndefu zaidi, na katika faili ambayo kila neno lina gharama yake hilo si jambo dogo. Hata hivyo, ina wakati, ina watendaji, na juu ya yote ina sababu. Msaidizi anayeisoma mwezi Septemba na kukuta msimbo ambapo mteja analipia nywele kando, ataweza kuona kuwa sababu imekoma. Yamkini atauliza kabla ya kubadilisha chochote. Hata asipouliza, kijana anayepitia faili atalitambua kosa kwa mtupo mmoja wa jicho.

Hii haina maana kuwa hu- ipigwe marufuku. Yapo mambo katika mradi ambayo kwa kweli ni ya kudumu au karibu ya kudumu, kwa mfano kwamba fedha huhesabiwa kwa shilingi ya Kenya. Kinachotakiwa ni mwandishi kujiuliza kila mara anapoandika hu-: je, hii ni methali au ni habari ya mwezi huu?

5. Funzo kutoka kwa miswada

Wasomi wa fasihi ya Kiswahili wamekutana na tatizo hili kwa sura nyingine. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu. Baadaye katika karne hiyo Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, aliyakusanya na kuyaandika, akishirikiana na mmishonari W. E. Taylor. Kutokana na kazi yao tuna diwani iliyohaririwa na William Hichens mwaka 1940, na uchambuzi wa Mohamed Abdulaziz wa mwaka 1979.

Sehemu kubwa ya mashairi ya kisiasa ya Muyaka yanahusu uhasama baina ya Mombasa ya akina Mazrui na utawala wa Seyyid Said. Lugha yake imejaa mafumbo. Msomaji wa leo akipewa beti peke yake, bila maelezo ya nani anajibiwa na kwa tukio gani, anaweza kuzisoma kwa ufasaha na asielewe kitu. Thamani ya kazi ya Sikujua na Taylor haikuwa katika kuhifadhi maneno pekee, kwa maana walihifadhi pia maelezo ya mazingira ambamo maneno hayo yalitamkwa. Kumbukumbu bila mazingira yake ni fumbo ambalo mfumbuaji amekwisha kuondoka.

Mstari wa faili uko katika hatari hiyohiyo, tofauti ikiwa ni muda tu. Mashairi yalihitaji miongo kadhaa kuanza kupoteza mazingira yake. Mstari wa mradi wa programu unayapoteza kwa majuma. Aidha, mhakiki wa miswada hujua kuwa maandishi yakinakiliwa mara nyingi, kila mnakili huweza kuongeza kosa lake au "kusahihisha" kilicho sahihi kwa kuwa hakukielewa. Msaidizi aliyerejesha makato katika mfano wetu alifanya kosa la mnakili mwenye bidii: aliona neno asilolitarajia, akalirudisha kwenye lile alilodhani kuwa asili.

6. Vipimo vya afya

Daktari hasemi mgonjwa ni mzima kwa kumtazama usoni. Vivyo hivyo faili ya kumbukumbu inahitaji vipimo vinavyorudiwa kwa vipindi maalumu. Vifuatavyo ni sita ambavyo vinaweza kufanywa hata na mtu anayefanya kazi peke yake.

(a) Uzito. Faili husomwa yote, au sehemu yake ya mwanzo, katika kila kikao, nayo hushindania nafasi na kazi yenyewe. Utafiti wa Nelson Liu na wenzake uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kuwa modeli za lugha zilizopimwa zilitumia vizuri zaidi habari zilizo mwanzoni na mwishoni mwa matini ndefu kuliko zile za katikati. Hivyo kurefusha faili kunaweza kuuzika mstari muhimu ukiwa hai. Idadi ya mistari iandikwe kila mwezi. Ikiwa inapanda tu na haijawahi kushuka, hakuna anayepiga mistari katika daftari.

(b) Umri. Git, mfumo wa kuhifadhi matoleo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, unaweza kuonyesha kila mstari uliandikwa na nani na lini. Mistari mikongwe ndiyo ya kuhojiwa kwanza. Ikumbukwe hata hivyo kuwa tarehe ya kuandikwa si tarehe ya kuthibitishwa. Mstari wa zamani uliothibitishwa jana ni mzima kuliko wa mwezi jana ambao haujawahi kuhojiwa.

(c) Uhai wa vielekezo. Faili ikitaja jina la faili nyingine, folda au amri, programu fupi inaweza kukagua kila usiku kama vitu hivyo bado vipo. Kipimo hiki ni rahisi na hukamata makosa mengi. Lakini tusikitegemee kupita kiasi, kwani mstari wa makato ya nywele haukutaja faili yoyote, na kwa kipimo hiki ungepita bila kuguswa.

(d) Mgongano. Mistari miwili inayopingana ndani ya faili moja, au baina ya faili mbili, ni dalili ya ugonjwa mkubwa. Msaidizi anaweza kufuata mmoja leo na mwingine kesho bila kumwambia mtumiaji. Kila mstari mpya unapoongezwa, itafutwe kwanza mistari ya zamani inayogusa jambo lilelile.

(e) Mtihani. Kikao kipya kifunguliwe, na msaidizi aulizwe maswali machache ambayo majibu yake yanajulikana. Kwa mfano: msusi aliyesuka vichwa vitatu kwa shilingi 2,000 kila kimoja atapokea ngapi, kwa mujibu wa kumbukumbu za mradi? Akijibu 3,000, faili ni nzima katika jambo hilo. Akijibu 2,100, ugonjwa umeonekana kabla haujamfikia msusi. Bora zaidi, hesabu yenyewe iwekwe katika majaribio ya programu, ambayo hukataa kupita hesabu ikibadilishwa, iwe imebadilishwa na mtu au na msaidizi.

(f) Siri. Faili ya kumbukumbu huonwa na kila mwenye mradi, na yaliyomo hutumwa kwa kampuni inayotoa huduma ya modeli. Funguo za kuunganisha programu na M-Pesa hazina nafasi humo, wala majina na namba za simu za wateja. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za watu ziwe sahihi na zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika. Mwenye faili asiyejua kilichomo hawezi kutimiza sharti lolote kati ya hayo mawili.

7. Nani apime?

Swali linalofuata ni la mamlaka. Kwa kuwa msaidizi husoma haraka kuliko binadamu, kuna kishawishi cha kumwachia kazi yote: asafishe kumbukumbu zake mwenyewe. Jibu linahitaji uangalifu. Msaidizi ana ustadi wa kuona marudio, migongano na vielekezo vilivyokufa, na ni busara kumtumia kwa hayo. Lakini hawezi kujua kuwa mwezi Juni watu waliketi kibandani wakabadilisha makubaliano, ikiwa hakuna aliyemwambia. Ukweli wa mstari ule haukuwa ndani ya tarakilishi. Ulikuwa Kenyatta Market.

Pia kuna hatari ya muhtasari wa mara kwa mara. Msaidizi anapoambiwa aiandike upya faili nzima kwa ufupi, mambo ya kwanza kudondoka huwa ni tarehe, majina ya walioamua na sababu, kwa kuwa huonekana kama mapambo. Matokeo ni faili safi, fupi, iliyojaa hu-. Hivyo msaidizi apendekeze mstari mmoja mmoja wa kufutwa au kurekebishwa na atoe sababu, kisha binadamu akubali au akatae. Hakuna haja ya kuogopa kufuta, kwani Git huhifadhi kilichofutwa, sawa na deni lililopigiwa mstari linavyobaki kusomeka chini yake.

Kuhusu wakati wa kupima, utaratibu unaofaa tayari unajulikana kwa msomaji. Katika mikutano inayoendeshwa kwa Kiswahili, ajenda za mwanzo huwa ni kusoma na kuthibitisha kumbukumbu za mkutano uliopita, na kisha yatokanayo. Wanafunzi hujifunza mtindo huu katika insha za shule za upili na wengi huuona kama desturi kavu. Kumbe ndani yake mna kinga kamili. Kumbukumbu hazina nguvu mpaka waliohudhuria wazisikie na wakubali kuwa ndivyo ilivyokuwa. Zikiwa na kosa husahihishwa mbele ya wote. Na yatokanayo huuliza: lile tuliloamua, limefanyika, limebadilika au limekufa? Kijana wa programu akiketi na mwenye kibanda na wasusi mara moja kwa mwezi, akawasomea mistari inayohusu fedha zao kwa lugha wanayoielewa, mstari wa Januari usingefika Septemba.

Ni muhimu kutambua kuwa wasusi ndio waliokuwa na uwezo wa kuuthibitisha mstari ule, na ndio ambao hawakuwahi kuuona. Faili iliyoandikwa kwa Kiswahili sahili inaweza kusomwa kibandani. Iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu itabaki kuwa siri ya kijana na mashine yake. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili, ili mtumiaji aione tarakilishi ikizungumza lugha yake. Hatua iliyopo mbele ya wanafunzi wa leo ni kuandika kwa lugha hiyo maelekezo ambayo mashine huyafuata, ili wanaoguswa na maelekezo hayo waweze kuyahoji.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa afya ya faili ya kumbukumbu haipimwi kwa wingi wa yaliyomo, na kuwa vipimo vya kiufundi ni vya lazima ingawa havitoshi. Mstari mzima ni ule unaoweza kujibu maswali manne: uliandikwa lini, nani aliamua, kwa nini, na utathibitishwa tena lini. Mstari usioweza kujibu upigiwe mstari, hata kama bado unaonekana kuwa kweli, mpaka apatikane wa kuutetea.

Kama zoezi, msomaji anaweza kuchukua kumbukumbu yoyote ya maandishi iliyo karibu naye, iwe kanuni za chama, maelezo ya chumba cha mabweni au orodha ya madeni, na kupiga duara kila kitenzi chenye hu- au -w-. Kisha aulize, kwa kila duara, ni methali au ni habari. Yamkini atashangazwa na idadi ya habari zilizokwisha kufa ambazo bado zinatoa amri.

Methali ya wahenga ilituonya kuhusu mali bila daftari. Msusi wa mfano wetu hakukosa daftari. Alikuwa na mawili, moja la karatasi mkononi mwake na jingine ndani ya mashine. Lililomwokoa ni lile alilolisahihisha mwenyewe kila jioni.